Kichwa Wazi au Chapeo? Njia Nne za Kumpeleka Shujaa Wako Vitani

Tazama filamu ya vita pamoja na watu na hutakaa sana kabla mmoja hajauliza: mbona askari wote wamevaa kofia za chuma, yaani chapeo, huyu kiongozi wao ndiye nywele zinapepea? Mishale inashuka, mapanga yanapita masikioni, na yeye yumo katikati, kichwa kitupu. Swali hilo ni la haki. Mtunzi wa mapigano anapaswa kuwa na jibu lake kabla msomaji hajauliza.

Jibu la haraka ni uso. Shujaa asiyeonekana uso ni vigumu kumpenda, na katikati ya vumbi ni vigumu hata kujua yuko wapi. Lakini jibu hilo limetoka kwenye kamera, nasi tunaotunga kwa Kiswahili tunatunga riwaya, tenzi, vibonzo, michezo ya redio, gemu na filamu za bajeti ndogo. Linalokifaa chombo kimoja huenda likakiharibu kingine. Kwa hiyo nimeziweka njia nne pamoja, kwa ajili ya mtu ambaye onyesho lake la vita limekwama mezani na hajui kichwa cha shujaa wake akifanye nini.

Vigezo vya kupimia

Kila njia nimeipima kwa mambo manne. La kwanza ni uso na hisia: tutajuaje kwamba shujaa anaogopa, anahuzunika au amekata shauri? La pili ni kutambulika: watu mia wakivurugana, jicho litampata? La tatu ni ukweli wa vita: mtu anayejua silaha ataamini? La nne ni utengenezaji, yaani fedha, usalama wa waigizaji, sauti, na saa za mchoraji.

Mwandishi wa riwaya naomba alishike hili tangu mwanzo. Kwenye karatasi hakuna uso unaozibwa. Sentensi moja inapenya chuma na kufika kwenye ulimi uliokauka. Waandishi wengi wanaomwacha shujaa kichwa wazi wameazima dawa ya ugonjwa wa filamu, ugonjwa ambao wao hawana. Wanalipa gharama ya kamera na kamera yenyewe hawana.

Njia ya kwanza: kichwa wazi

Uso na hisia. Hapa njia hii haina mpinzani. Picha ya karibu ya mtu aliyemwona rafiki yake akianguka haihitaji neno hata moja. Kichwa wazi pia kinaeleza tabia kabla mtu hajafungua kinywa: huyu hana woga, au ana kinga nyingine asiyoionyesha. Wasomaji wetu wanaijua picha hiyo toka zamani. Katika 1 Samweli 17, Sauli anamvika Daudi chapeo ya shaba na dirii, Daudi anavivua kwa sababu hajavijaribu, kisha anamwendea Goliathi ambaye kichwani ana chapeo ya shaba. Jiwe linampata yule jitu kwenye kipaji cha uso. Kisa chote kimejengwa juu ya tofauti ya vichwa viwili.

Fumo Liyongo ni mfano ulio karibu zaidi. Katika utenzi wa Muhammad Kijumwa wa mwaka 1913, silaha haimdhuru isipokuwa sindano ya shaba ikimchoma kitovuni, na siri hiyo inafika kwa maadui kupitia mwanawe wa kumzaa. Shujaa wa namna hiyo, ukimvika chuma utakuwa umeifunika hadithi yenyewe. Mwili wake ndio ngao, na ngao ina tundu moja ambalo msomaji analingoja kwa hofu.

Kutambulika. Ni rahisi mno. Nywele, kilemba, kovu shavuni, na mtazamaji hampotezi hata picha zikibadilika haraka. Ubaya wake ni kwamba kichwa kilichoachwa wazi peke yake kati ya vichwa vilivyofunikwa humwambia mtazamaji nani atatoka salama. Hatari ikishajulikana kuwa si hatari, panga kumi zikimzunguka shujaa hazimshtui mtu.

Ukweli wa vita. Gharama iko hapa. Mifupa ya Mfalme Richard III wa Uingereza, aliyeuawa kwenye vita vya Bosworth mwaka 1485, ilifukuliwa mjini Leicester mwaka 2012. Wachunguzi walihesabu majeraha 11 ya wakati wa kufa kwake, na 9 kati ya hayo yalikuwa kwenye fuvu. Hitimisho lao ni kwamba wakati huo hakuwa tena na chapeo, iwe ilivuliwa au ilimtoka. Hivyo ndivyo kichwa cha mfalme kilivyofanywa mara tu chuma kilipoondoka.

Hata hivyo si haki kudai chapeo kila mahali. Wapiganaji wa Majimaji, kati ya 1905 na 1907, walikwenda mbele ya bunduki za Wajerumani wakiamini maji yenye dawa ya Kinjeketile Ngwale yangeigeuza risasi kuwa maji. Ukitunga hadithi ya Umatumbi ya miaka hiyo, kichwa wazi ni historia, na kinga yao ilikuwa imani. Usimwone mhusika wa namna hiyo mjinga. Andika aliyoyaamini kwa uzito uleule ambao yeye aliuweka juu yake.

Utengenezaji. Hununui chapeo na sauti inanaswa vizuri. Lakini mwigizaji mbadala, yule anayefanya ya hatari kwa niaba ya mwigizaji mkuu, akianguka kutoka kwenye farasi atatambulika, hivyo utahitaji nywele za bandia, pembe za kamera zinazoficha, na mazoezi mengi zaidi, kwa sababu panga la mbao likiteleza halina cha kugonga ila kichwa cha mtu.

Inamfaa anayetegemea uso wa mwigizaji, anayetunga shujaa wa miujiza, au anayesimulia watu ambao kweli hawakuvaa chapeo.

Njia ya pili: chapeo iliyofunga uso, mwanzo hadi mwisho

Uso na hisia. Wengi wanaikimbia njia hii mapema mno. Uso ukifungwa, hisia huhamia mabegani, shingoni, kwenye hatua, na kwenye kimya kabla ya jibu. Jaji Dredd alianza katika vibonzo vya Uingereza mwaka 1977, na wachoraji wake wamejizuia kuuonyesha uso wake wote. Filamu ya 1995 ilimvua chapeo. Ile ya 2012 ilimwacha Karl Urban aibebe kazi nzima kwa kidevu, mdomo na sauti, na kwa maoni yangu huyo wa pili ndiye anayetisha, kwa kuwa anabaki sheria inayotembea.

Kwenye riwaya njia hii ni hazina. Jaribu hivi: “Dunia yote ilibaki ufa mmoja wa mwanga. Alisikia pumzi yake kuliko alivyosikia vita. Kitu kilimgonga kutoka kulia, upande asiouona, na chuma kikalia ndani ya meno yake.” Hakuna uso hapo, na woga umo. Aliyefungiwa ndani ya chapeo hajui jeshi lake linashinda au linakimbia. Msomaji naye hajui, na hapo mashaka yanazaliwa bila kulazimishwa.

Kutambulika. Vita vyenyewe vilishalijibu. Ulaya ya karne ya 12, nyuso zilipozidi kufunikwa, mashujaa walijipambanua kwa alama na rangi za ngao. Japani, Date Masamune (1567–1636) alijulikana kwa pambo la mwezi mwandamo lililochomoza kwenye chapeo yake. Mchoraji wa vibonzo anapata faida kubwa hapa: alama moja nzuri inasomeka hata kwenye kisanduku kidogo, kuliko uso uliochorwa kwa haraka.

Ukweli wa vita. Wajuzi watakushukuru, ila usidhani chapeo inamfanya mtu asife. Chapeo za kufunga uso zilikuwa na uzito wa kama kilo 2 hadi 4, joto lake kali, hewa yake haba. Mwaka 1559 Mfalme Henri II wa Ufaransa alivaa zana kamili kwenye mchezo wa mikuki, na vibanzi vya mkuki uliovunjika vikapita kwenye uwazi wa macho. Alikufa siku chache baadaye. Katika Iliad, utenzi wa kale wa Wagiriki kuhusu vita vya Troya, Hector, shujaa wa Troya, anauawa na Achilles, shujaa wa Wagiriki, akiwa amevaa zana za Achilles mwenyewe, alizozitoa kwenye mwili wa Patroclus, rafiki ya Achilles. Achilles anautazama mwili wake akitafuta panapopenyeka, na anapaona pale shingo inapokutana na bega. Tafuta ufa wa chapeo ya shujaa wako na uuweke wazi mapema. Chapeo yenye ufa unaojulikana inatia hofu kuliko kichwa kitupu ambacho panga hazikigusi.

Utengenezaji. Mwigizaji mbadala anaweza kufanya kazi nusu ya filamu na hakuna atakayegundua. Katika The Mandalorian, tamthilia ya runinga iliyoanza mwaka 2019, Pedro Pascal anatoa sauti ya mhusika ambaye mara nyingi mwili ulio ndani ya vazi ni wa mtu mwingine. Darth Vader wa filamu za Star Wars alikuwa mwili wa David Prowse na sauti ya James Earl Jones. Kwa hiyo panga bajeti ya kuingiza sauti studioni, maana sauti ya ndani ya chapeo hainaswi vizuri kwenye seti.

Hapa kuna jambo linalonisumbua sana. Watunzi wengi humfunua shujaa na kuwafunika uso maadui wote, ili wafe kwa mamia bila mtazamaji kuhisi kitu. Inafanya kazi, na ndiyo maana naiogopa. Ukiwafunika wa upande mmoja, wafunike na wa upande wa pili, au mpe angalau adui mmoja uso. Kifo cha mtu kisiwe rahisi kwa sababu tu alifunikwa uso.

Inamfaa mwandishi wa riwaya, mchoraji wa vibonzo, mtengenezaji wa gemu, na mwongozaji mwenye mwigizaji mwenye sauti na mwili unaozungumza.

Njia ya tatu: chapeo inayoacha uso wazi

Hii ni njia ya kati, na sielewi kwa nini inatumika kidogo hivyo.

Uso na hisia. Macho, pua na mdomo vinaonekana, kinachopotea ni nywele na masikio tu. Kwa mwigizaji hodari hiyo si hasara.

Kutambulika. Inategemea. Katika sira, siku ya Uhud mwaka 625, ulienea uvumi kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) ameuawa. Kaab bin Malik ndiye aliyemtambua, kwa macho yake yaliyokuwa yakimeremeta chini ya chapeo, akapaza sauti kuwabashiria Waislamu. Miaka mingi baadaye, kule Hastings mwaka 1066, uvumi kama huo ulimzukia William wa Normandy. Chapeo yake ilikuwa ya wazi, yenye kipande cha chuma puani tu, na bado ilimbidi aisukume juu ili askari wauone uso wake. Tukio hilo limetariziwa kwenye kitambaa maarufu cha Bayeux. Basi chapeo ya wazi humficha mtu kwa walio mbali na humfunua kwa walio karibu. Hapo una onyesho zima: uvumi wa kifo cha kiongozi, jeshi linalovunjika moyo, na mtu mmoja anayekaribia vya kutosha kuyaona macho.

Ukweli wa vita. Ni mzuri, na una hatari yake. Kwenye vita vya Shrewsbury mwaka 1403, mwanamfalme Henry wa Uingereza, kijana wa miaka 16, alipigwa mshale usoni. Kichwa cha mshale kilizama ndani sana, na daktari John Bradmore alitengeneza chombo maalumu cha kukivuta. Kijana huyo alipona na kuwa Mfalme Henry V. Miaka 12 baadaye, kwenye vita vya Agincourt, alirudi vitani na chapeo iliyozungushiwa taji.

Utengenezaji. Gharama ni ya wastani, sauti haisumbui, na mwigizaji mbadala anafichika nusu.

Inamfaa anayeandika riwaya au filamu ya kihistoria. Ukisimulia meli za Wareno zilipoishambulia Kilwa na Mombasa mwaka 1505, kwa mfano, chapeo za chuma upande mmoja na vichwa visivyo na chuma upande wa pili zitaeleza mengi kuhusu joto, mali na namna mbili za kupigana, bila mhusika kutoa hotuba.

Njia ya nne: chapeo inayovaliwa, kisha inavuliwa au inaanguka

Uso na hisia. Nguvu yake iko kwenye wakati. Katika kitabu cha sita cha Iliad, Hector anarudi mjini kutoka vitani na kunyosha mikono ampokee mwanawe. Mtoto analia, ameogopa shaba na singa za farasi zinazotikisika juu ya chapeo. Baba na mama wanacheka. Hector anaivua, anaiweka chini, anambusu mtoto na kumwombea dua. Kisha anaiokota na kurudi vitani. Sijui onyesho linaloeleza vizuri zaidi kazi ya chapeo katika hadithi, na angalia lilipowekwa: nje ya mapigano. Uso tumeupata nyumbani. Huko vitani, hata chuma kikimfunika tena, tunajua nani yumo ndani.

Watunzi wengi husahau hilo. Si lazima uso uonekane panga likiwa hewani. Ukituonyesha shujaa akifunga kamba ya chapeo kwa vidole vinavyotetemeka, utakuwa umetupa uso wa kutosha kwa kurasa kumi.

Kutambulika. Chapeo inaweza kumpoteza mtu kwa makusudi. Patroclus alivaa zana za Achilles na Watroya wakadhani Achilles amerudi. Mungu Apollo alipompiga Patroclus, chapeo ikabingirika mavumbini, na kufa kwake kukawa karibu. Éowyn, binti shujaa katika hadithi za Tolkien, naye alijificha ndani ya zana za askari wa kiume. Katika riwaya ya The Return of the King ya mwaka 1955, chapeo yake inamtoka na nywele zinaonekana. Kwenye filamu ya 2003 anaivua kwa mkono wake mbele ya adui. Tofauti ni ndogo kwa macho, kubwa kwa maana: kule amefichuka, huku ameamua. Amua ni lipi unalitaka kabla ya kuandika.

Ukweli wa vita. Watu walizivua kweli, na sababu zilikuwa za kawaida: kiu, pumzi, kutaka kusikia amri, kutaka kuonekana. Inasimuliwa kwamba kwenye vita vya Towton mwaka 1461, Lord Dacre alivua chapeo ili anywe, akauawa kwa mshale. Sababu ndogo, matokeo makubwa: mtunzi hahitaji zaidi. Kisichoaminika ni shujaa anayeirusha chapeo yake katikati ya pambano bila sababu, kwa kuwa tu mwongozaji alitaka kumwona.

Utengenezaji. Unapata faida za pande mbili: mwigizaji mbadala kwa mapigo makali, mwigizaji mwenyewe kwa uso. Zingatia tu mpangilio wa picha, chapeo isiwe mara ipo kichwani, mara imepotea, mara imerudi. Kuna pia ujanja wa Iron Man ya 2008, ambako kamera inaingia ndani ya chapeo na kumwonyesha Robert Downey Jr. akiwa amezungukwa na mwanga wa mitambo. Kwa bajeti ndogo, taa moja, kitambaa cheusi na uso uliobanwa kwenye fremu vinaweza kukaribia hapo.

Inamfaa mwenye hadithi ya siri, ya utambulisho, au ya mtu mwenye familia inayomsubiri. Ivuliwe mara moja yenye uzito. Ikivuliwa kila pambano, inageuka kofia ya mapambo.

Uchague ipi, kwa hali yako

Kama unaandika riwaya na huna sababu ya kihistoria ya kichwa wazi, anza na chapeo iliyofungwa na uone itakupa nini. Ukiona umechoka na giza lake, hamia njia ya nne.

Kama una filamu fupi, waigizaji wanne na fedha kidogo, chapeo ya wazi au kichwa wazi vitakuokoa muda. Ukichagua kichwa wazi, mfanye shujaa aumie kichwani angalau mara moja, damu iingie jichoni, apoteze hatua mbili tatu. Mtazamaji akishaona kwamba kichwa hicho kinapasuka, ataanza kukiogopea.

Kama unachora vibonzo au unatengeneza gemu, fikiria umbo la chapeo kabla ya sura ya mtu. Lichore likiwa kivuli tupu. Likitambulika bila rangi, umemaliza nusu ya kazi.

Kama ni mchezo wa redio, hakuna anayeona chochote, kwa hiyo suala ni sauti: sauti iliyozibwa anapokuwa vitani, sauti iliyofunguka anapoivua, na mlio wa chuma kikiwekwa juu ya meza. Hapo njia ya nne inapendeza sana.

Kama ni utenzi au hadithi ya shujaa asiyedhurika, mwache kichwa wazi na utumie beti zako kulinda siri ya pale anapodhurika. Na kama ni historia ya watu wetu waliopigana bila chuma kichwani, usiwavike kitu ambacho hawakuwa nacho ili wafanane na filamu za wengine. Uliza walijikinga na nini, nani aliwapa, na walijiambia nini asubuhi ile kabla ya kutoka.